Kwenda solo ni nini? Tumtazame Gram Parsons

Ukitaja "solo" mbele ya mpenzi wa muziki wa dansi, atafikiria gitaa. Kuna wa besi, kuna wa ridhimu, na kuna mcharaza solo, yule anayewainua watu vitini sebene likikolea. Lakini msanii akisemwa "amekwenda solo", maana yake ni nyingine: amejitoa kwenye bendi, au ametolewa, na kuanzia hapo kazi inatoka kwa jina lake. Jina hilo ndilo liko kwenye mkataba, ndilo liko kwenye jalada. Wengi hudhani solo ni kubaki peke yako. Sivyo.

Chukua Gram Parsons, Mmarekani aliyezaliwa Florida mwaka 1946 na kukulia Waycross, Georgia. Alitunga na kuimba kantri-roki, yaani visa na huzuni za kantri, pamoja na lile gitaa la kulazwa lenye kanyagio ambalo sauti yake huvutika kama kilio cha mbali, vikabebwa na ngoma na magitaa ya umeme ya roki. Siku hizi mchanganyiko huo haumshtui mtu. Wakati ule vijana wa roki waliiona kantri ni mambo ya washamba, na watu wa kantri waliwaona hao vijana ni wahuni wa nywele ndefu.

Parsons alipojiunga na The Byrds, bendi ya roki, mwaka 1968, bendi ikaenda Nashville, makao ya kantri, na mwezi Machi ikapanda jukwaa la Grand Ole Opry, onyesho maarufu la kantri la redioni. Walishakubaliana kupiga wimbo wa Merle Haggard, nyota wa kantri, na mtangazaji akautaja. Parsons akageuza palepale: akasema ataimba "Hickory Wind", wimbo wake mwenyewe, kwa ajili ya bibi yake. Bibi alifurahi, nadhani. Wenye Opry hawakufurahi.

Mkataba nao ukamfuata. Kabla ya hapo alikuwa na International Submarine Band, chini ya LHI, lebo ya Lee Hazlewood, na lebo hiyo ikadai sauti yake bado ni mali yao. Kwa hiyo katika albamu ya The Byrds, Sweetheart of the Rodeo, nyimbo kadhaa alizoziimba zilirudiwa kwa sauti ya Roger McGuinn, kiongozi wa bendi. Mtu yumo kwenye bendi, amewavuta wote kwenye mtindo wake, halafu sauti yake inafutwa. Ukitaka kujua kwa nini msanii hutamani jina lake liwe juu ya karatasi, anzia hapo.

Julai mwaka huohuo alijitoa wakiwa London, akikataa safari ya Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Baadhi ya wenzake hawakuiamini sababu hiyo. Walisema alitaka tu kubaki na rafiki zake wa Rolling Stones. Yawezekana yote mawili ni kweli. Akaanzisha The Flying Burrito Brothers pamoja na Chris Hillman, aliyekuwa mwenzake kwenye The Byrds, na mwaka 1970 huko nako akaondolewa.

Ndipo solo ikaja. Albamu yake ya kwanza kwa jina lake, GP, ilitoka Januari 1973, na ukisoma majina ya waliopiga utakuta umati: James Burton kwenye gitaa, Glen D. Hardin kwenye piano, Ronnie Tutt kwenye ngoma, wote wa bendi ya Elvis Presley. Pembeni ya Parsons yuko mwimbaji Emmylou Harris, ambaye sauti yake imeshikana na ya Parsons kiasi kwamba, kwa sikio langu, hiyo ni albamu ya watu wawili. Jalada linataja mmoja.

Haikuuza. Septemba 19, 1973, Parsons alifariki Joshua Tree, California, akiwa na miaka 26, na albamu yake ya pili ya solo, Grievous Angel, ikatoka miezi michache baadaye. Mwaka 1975 Emmylou Harris akatoa albamu ya Pieces of the Sky kwa jina lake mwenyewe. Kwenye gitaa, James Burton. Kwenye piano, Glen D. Hardin.