Risasi kuingia kwenye bunduki kongwe hakutoshi

Wawindaji wengi wa kulungu nchini Marekani wenye bunduki kongwe za wenzo (mkono wa chini unaovutwa ili kupakia risasi) huamini kwamba risasi ikiingia vizuri chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu inamokaa, ni salama kuifyatua. Imani hiyo inaeleweka, maana jina kwenye boksi na lile lililochongwa kwenye mtutu hulingana.

Chukua aina ya risasi iitwayo .45-70. Ilianza kutumika 1873, enzi ya baruti nyeusi. Siku hizi hutengenezwa kwa baruti isiyo na moshi, na baadhi huzalisha shinikizo kubwa linalofaa bunduki za kisasa tu. Vipimo vya nje ni vilevile, kwa hiyo huingia bila kikwazo. Bunduki ya kale inaweza kupasuka, tena karibu na uso wa mpigaji.

Ncha ya risasi nayo ina hatari yake. Risasi zikipangwa moja nyuma ya nyingine kwenye mrija ulio chini ya mtutu, ncha kali na ngumu yaweza kugonga fataki (kiwashio cha baruti kilicho kitakoni) ya risasi iliyo mbele yake na kuilipua. Ndiyo maana ncha bapa zilizoeleka.

Soma onyo kwenye boksi, linganisha namba ya bunduki na orodha za mtengenezaji ujue mwaka wake, kisha mpelekee fundi bunduki aikague kabla ya msimu.