Kibastola cha mkufu wa saa, na pale inaposomwa thamani yake

Mimi ni fundi saa. Kazi niliianza Mombasa, dukani kwa mjomba, na leo niko Vienna natengeneza saa za mfukoni za kale. Bastola sikuzitafuta, zilinijia na mikufu. Mtu akileta saa ya babu yake huileta na mkufu uliokuwa ukivaliwa kwenye kizibao, na mkufuni hukosi kitu kinachoning'inia: muhuri, ufunguo wa kutilia saa ufunguo, na mara mojamoja kibastola kisichozidi urefu wa kidole gumba. Wakusanyaji hukiita Berloque, kutokana na neno la Kifaransa la vikorokoro vya kuning'iniza.

Anayekiona mara ya kwanza hudhani ni pambo tupu. Kumbe kinalia. Tundu la mtutu wake ni milimita 2, na mfumo wake ni ule wa pini uliobuniwa na Mfaransa Casimir Lefaucheux katika miaka ya 1830. Ubavuni mwa ganda la risasi hutokeza pini, mithili ya mwiba. Kinyundo kikiishukia, pini inaingia ndani na kugonga fataki, baruti inashika moto. Risasi za Berloque kwa kawaida ni za mlio tu. Lakini fikiria mtu aliyekaa akapachika pini ya namna hiyo kwenye ganda dogo mithili ya punje ya mchele! Kwetu mafundi saa hiyo ni kazi ya heshima.

Ndiyo maana, mteja akiniuliza bei, sitazami dhahabu kwanza. Natia lenzi jichoni na kutazama ule mfuo nyuma ya mtutu, pini inapokaa. Kibastola kilichopigwa sana hulika kingo za hapo; zinakuwa za mviringo, zenye vishimo vyeusi vya baruti. Ambacho hakikupigwa, kingo zake bado ni kali kama zilivyotoka kwenye tupa. Kisha navuta kinyundo kwa ukucha, polepole, nikisikiliza springi. Springi iliyochoka hairudishi mlio mkavu.

Halafu skrubu. Hapa sina mchezo. Katika kazi ya zamani kila skrubu ililinganishwa na tundu lake kwa mkono, na mfuo wa kichwani ni mwembamba. Ukiona midomo ya mfuo imechanika, ujue mtu aliingiza bisibisi isiyo saizi. Na ukikuta skrubu zote ni pacha, mifuo sawasawa kabisa, yaelekea umeshika kipya: Berloque zinatengenezwa hadi leo, na wapo wanaoziuza kama mali ya kale.

Watu hudhani udogo ndio bei. Si hivyo. SwissMiniGun ya Uswisi ni bastola ya sentimita 5.5, inapiga risasi ya milimita 2.34, na ni ya wakati wetu huu. Ina wapenzi wake. Nami namhusudu zaidi Michael Mann wa Nuremberg, ambaye mwanzoni mwa karne ya 17 alitengeneza vibastola vya gurudumu la cheche, yaani gurudumu linalosugua jiwe ili cheche ziwashe baruti, kazi ya kukaa makumbusho. Lakini kinachonigusa moyo ni Kolibri, kwa sababu aliyeibuni, Franz Pfannl, alikuwa fundi saa wa hapa Austria. Aliibuni mwaka 1910 na ikaingia sokoni 1914. Jina ni la yule ndege wa Amerika, mdogo mfano wa chozi wetu.

Kolibri haikukusudiwa kuwa pambo. Iliuzwa kama bastola ya kujihami, inayojipakia yenyewe, ya milimita 2.7. Risasi yake ina uzito wa gramu 0.2 na hutoka kwa kasi inayokadiriwa kuwa mita 200 kwa sekunde, nguvu ya juli 4 tu. Ndani ya mtutu hamna mikato ya kuizungusha risasi, kwa kuwa mitambo ya enzi zile haikuweza kuikata katika tundu jembamba hivyo. Vita vikaanza mwaka uleule, kazi ikasimama. Zilitengenezwa kama elfu moja. Kwa uhaba huo, risasi moja nzima ya Kolibri huweza kugharimu kuliko kibastola kizima cha Kijapani cha mnyororo wa funguo, vile vya baada ya Vita vya Pili.

Mwaka jana kijana mmoja wa Tanga anayeishi Ujerumani alinipigia simu.

“Shikamoo fundi. Nimenunua Berloque soko la vitu vikuukuu, nimeisugua mpaka inawaka.”

“Marahaba mwanangu. Umeisugua kwa nini?”

“Ile dawa ya shaba, fundi.”

Nilinyamaza kidogo. Alipokuja nikaona: nakshi za ubavuni zimefifia, nikeli imetoka pembeni na shaba inachungulia. Rangi ile ya ukungu aliyoiona uchafu ndiyo iliyokuwa ikithibitisha kuwa hakuna aliyeigusa. Ukitaka kusafisha, tumia kitambaa kikavu, basi. Kutu ya kula chuma mpelekee fundi.

Nilimuuliza kama muuzaji alikuwa na kijisanduku. Akasema kilikuwepo cha mahameli, naye mwenyewe amekijaza vifungo vya shati, akidhani ni cha sindano. Nikamwambia arudi nacho kwangu Jumamosi. Alirudi.

Kabla sijaendelea, jambo la sheria. Uingereza, bastola ya kale ya pini inayowekwa kama pambo ina msamaha katika Sheria ya Silaha ya 1968. Marekani mpaka wa ukale ni 1898. Usichukulie kuwa nyumbani ni hivyohivyo. Uliza polisi kwa maandishi kabla hujasafirisha, na usikitie kamwe kwenye mkoba wa kuingia nao ndani ya ndege. Afisa wa usalama anaona bastola, basi.

Kijana alikileta kijisanduku. Tulitoa vifungo, tukaweka kibastola kwenye kishimo chake. Kilikaa. Kinyundo kiliingia penye mkunjo, na ile pete ya kuning'inizia ikalala juu ya alama ya duara iliyokuwa imeshazama kwenye mahameli. Kilikuwa chake. Bei niliyokuwa nimempa nikaipandisha zaidi ya nusu, ingawa nakshi hazitarudi.

Akaniuliza kama aifue ile mahameli. Nikakifunga kifuniko.