Stagg hakupewa ofisi kama pensheni

Watu husema mchezaji anayegusa kila mchezo hafiki popote, na kwamba cheo cha mkurugenzi wa michezo chuoni ni kiti cha kupumzikia kocha aliyechoka. Amos Alonzo Stagg, mchezaji na kocha wa Marekani, anayapinga yote mawili.

Pale Chuo Kikuu cha Yale alikuwa mrushaji hodari wa besiboli, akakataa kwenda kulipwa kwenye timu za kulipwa. Mwaka 1889 akaingia pia kikosi cha kwanza cha wachezaji bora wa futiboli ya Kimarekani nchi nzima. Machi 1892, katika mechi ya kwanza ya hadhara ya mpira wa kikapu, kwenye chuo cha Springfield, Massachusetts, alikokuwa mwalimu, walimu walifungwa na wanafunzi 5 kwa 1. Hilo moja la walimu lilikuwa lake.

Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Chicago kilimwajiri, na hapa ndipo wengi hukosea: hakuanza ukocha kisha akapandishwa ofisini. Tangu mwanzo aliongoza idara ya mazoezi ya mwili akiwa na hadhi ya uprofesa, huku akifundisha futiboli, besiboli na riadha. Kupanga ratiba, fedha na viwanja kulikuwa sehemu ya kazi ileile.

Na kuchoka? Chicago ilimstaafisha kwa umri wa miaka 70. Akahamia chuo cha Pacific, California, na mwaka 1943, akiwa na miaka 81, makocha wenzake wakamchagua kocha bora wa mwaka.