Msimfiche Kijana Aliye Kambini: Dhana Ninazozisikia Kila Msimu wa JKT

Kila mwaka, ikifika miezi ya tano na ya sita, vijana waliomaliza kidato cha sita wanapoanza kuripoti katika kambi za Jeshi la Kujenga Taifa, ofisi yangu ya ushauri nasaha hapa Temeke hupokea wazazi wa namna moja. Huketi, hugeuka kuhakikisha kwamba mlango umefungwa, kisha husema sentensi ambayo sasa ninaweza kuimalizia mwenyewe: "Tumekubaliana tusimwambie mpaka amalize mafunzo." Juma lililopita nimeisikia mara tatu. Baba mmoja alikuwa amepoteza kazi, mama mmoja alikuwa amepewa talaka, na familia ya tatu ilikuwa imetoka kuzika. Uvumilivu wangu umeishia hapo, na ndiyo maana ninaandika.

Dhana yenyewe ni kwamba kijana aliye kambini akipewa habari mbaya za nyumbani atachanganyikiwa, atatoroka mafunzo au, kwa kuwa siku hizi anashika silaha, atajidhuru, na kwa hiyo anayempenda kweli ni yule anayemficha. Ninaielewa huruma iliyomo ndani yake. Hata hivyo, katika miaka yote ya kazi hii sijakutana na kijana aliyewashukuru ndugu zake kwa kumficha, na nimekutana na wengi ambao hawajawasamehe.

Mmoja wao, aliyeniruhusu nisimulie habari zake bila kumtaja jina, ni wa Mbagala. Alikuwa amejiunga kwa kujitolea, akapangiwa kambi moja mkoani Tabora. Alipopata likizo alishuka kituo cha mabasi cha Mbezi akiwa na tranka lake jeusi na dumu la lita 3 la asali alilomnunulia bibi yake, aliyemlea tangu akiwa na miaka minne. Bibi alikuwa amezikwa miezi minne kabla. Katika muda wote huo, kila alipopiga simu na kumuulizia, alijibiwa kwamba amelala, au ametoka kwa jirani, au sauti imemkauka kwa mafua. Alipokaa mbele yangu hakulia. Alihesabu kwa vidole simu zote alizopiga nyumbani tangu siku ya mazishi, akataja nani aliipokea kila moja na alimwambia nini, akafika kumi na moja. Mpaka leo mama yake akimwambia kwamba huko nyumbani wote ni wazima, humshukuru, hukata simu, kisha humpigia jirani kuthibitisha.

Hapo ndipo hasara ilipo, na wazazi hawaioni. Kuruta aliye mbali na nyumbani ana uzi mmoja tu wa kujishikilia, nao ni neno la ndugu zake. Siku akigundua kwamba "hatujambo sote" lilikuwa uongo, halitamtuliza tena, hata likisemwa kwa ukweli mtupu. Familia inadhani imemwepusha na huzuni, lakini imemwongezea shaka juu ya huzuni ileile, na shaka haina arobaini.

Tena siri hizi hazikai. Kwa kawaida kuruta haachiwi simu yake katika kipindi cha mafunzo ya awali, na wazazi huona kwamba ukuta huo utawalinda. Wanasahau kwamba ndani ya hanga lilelile, yaani bweni la kambi, wamelala vijana wa kata moja na waliosoma shule moja naye, na kwamba binamu alikwisha kuweka picha ya marehemu kwenye wasapu kabla jeneza halijatoka nyumbani. Habari itafika. Kilichobaki mikononi mwenu ni kuamua imfikie kwa mdomo wa nani, na akiwa wapi.

Hoja ya silaha ndiyo inayonichosha zaidi, kwa sababu inasemwa kama hoja ya kumaliza mjadala, na kumbe ukiitazama vizuri inawaumbua wenye kuisema. Kiongozi wa kambi aliyejulishwa msiba anaweza kumwondoa kijana kwenye lindo la usiku ule, kumwahirishia zoezi la shabaha, kumwita mtu wa dini au wa zahanati, na kumwekea mwenzake wa kuwa naye karibu. Kiongozi asiyejua hawezi kufanya lolote kati ya hayo. Kijana anayeambiwa kwa bahati mbaya na mwenzake wakiwa foleni ya chakula anapata pigo lilelile bila mtu yeyote wa kumshika mkono.

Kwa hiyo ninasisitiza utaratibu huu, na sitauomba radhi. Ujulisheni kwanza uongozi wa kambi. Kama hamna namba, mshauri wa mgambo wa wilaya yenu ni mtu wa kuanzia, kwa kuwa yeye anajua njia za kuwafikia. Chagueni msemaji mmoja, mtu ambaye kijana anamwamini na ambaye hataangua kilio kabla ya kumaliza sentensi. Msemaji huyo atumie neno lenyewe, yaani "amefariki", badala ya "hali yake si nzuri sana", kwa sababu kauli ya namna hiyo humfanya kijana aanze kupanga matumaini ambayo mtakuja kuyavunja. Ongeeni mchana, ili asiachwe na usiku mzima peke yake. Ruhusa ya kusafiri huamuliwa na kambi, na hata ikitolewa, aliye Tabora au Kigoma hawezi kuwahi maziko ya Kiislamu yanayofanyika siku ileile. Lakini anaweza kuombewa awahi arobaini, na kijana aliyeahidiwa hilo mapema huvumilia siku zilizo katikati kwa namna nyingine kabisa.

Baada ya simu, andikeni barua. Wazazi wengi hunicheka hapa. Simu ya dakika tatu husahaulika, kwa sababu aliyepewa habari ya kifo husikia neno la kwanza tu; barua huisoma tena na tena chini ya neti. Mababu walioingia JKT katika miaka ya mwanzo, baada ya jeshi hilo kuanzishwa Julai 10, 1963, waliishi kwa "ama baada ya salamu" na hawakuharibikiwa. Nina hisia kwamba sehemu ya tatizo letu ni ya kizazi: mafunzo ya mujibu wa sheria, yaani yale ya lazima, yalisitishwa mwaka 1994 na kurejeshwa mwaka 2013, na wengi wa wazazi wanaonijia walimaliza kidato cha sita ndani ya pengo hilo. Kambi wanaijua kwa hadithi, na pale hadithi inapokwisha wanajaza kwa hofu.

Hofu hiyohiyo ndiyo inayozaa dhana ya pili, kwamba kijana asiposikika majuma matatu basi limempata jambo. Nimekwisha kueleza habari ya simu, na anayeamshwa alfajiri kwa mchakamchaka, akapiga kwata, kisha akapelekwa shambani, akipewa simu kwa dakika chache jioni huenda akachagua kulala. Ukimya wa majuma ya mwanzo, peke yake, si dalili ya chochote.

Kuhusu wanaompeleka mtoto aliyeanza kuvuta bangi "akanyooshwe na maafande", sina maneno mengi. Mafunzo hufundisha nidhamu. Uraibu hutibiwa kliniki. Mpelekeni huko kwanza.

Lipo pia kosa la kumshauri kijana afiche ugonjwa wake "asije akarudishwa". Nchi yetu ni miongoni mwa zile zinazozaliwa watoto wengi wenye selimundu duniani, na jua kali, kukimbia na upungufu wa maji mwilini ni vitu vinavyoamsha maumivu ya ugonjwa huo. Mwenye pumu au kifafa naye hana sababu ya kuwa siri kwa mtu anayemkimbiza alfajiri. Methali ya mficha maradhi tunaijua sote, tena huikariri kwa ufasaha mkubwa tukiwa msibani. Wahitimu wenye ulemavu unaoonekana hupangiwa Ruvu, kule Mlandizi, kwa sababu kambi hiyo ina miundombinu inayowafaa; kusema hali yako, basi, hakukufanyi kuwa mzigo.

Kwamba JKT ni ajira, jeshi lenyewe limekanusha katika matangazo yake mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Anayejitolea hupata posho, si mshahara, na ndugu wanaomtumia orodha ya madeni ya nyumbani wanamfanya aogope kupokea simu yao. Kama mlimlipa mtu ili kijana aingie, mmetapeliwa; nendeni polisi, msimdai kijana.

Dhana ya mwisho ni ya vijana wenyewe, kwamba askari hakumbuki nyumbani. Karibu kila mgeni wa kambi hulikumbuka godoro lake katika majuma ya kwanza, akiwemo yule mwenye kifua kipana kuliko wote, na kwa wengi hali hiyo hupungua yenyewe kadiri ratiba inavyozoeleka. Lakini kwa kuwa wanaamini wanapaswa kuficha, swali la "unaendeleaje?" hujibiwa "safi" na mazungumzo yanafungwa. Mimi huwaambia wazazi waulize miguu. Kila kuruta ana habari za miguu: buti lililombana, malengelenge yaliyopasuka, mwenzake aliyemwazima soksi, na akishaanza kusimulia miguu, dakika ya pili au ya tatu mara nyingi huanza kusimulia mengine.