Mpango wa matumizi ya ardhi pembeni mwa Lubumbashi: yanayosemwa na yaliyopo

Dhana: chifu akishatia sahihi mpango wa matumizi ya ardhi, kila mtu amepata karatasi ya shamba lake.

Hajapata. Sheria ya ardhi ya Kongo, ya Julai 1973, inasema ardhi yote ni mali ya Serikali, na anayetaka haki yake iandikwe huomba cheti cha usajili kwa konservateri, ofisa wa Serikali anayesajili hati za ardhi. Mpango una kazi nyingine: wapi palimwe, wapi pajengwe, miti ya makala, yaani makaa ya kupikia, ikatwe upande gani, makaburi yaachwe wapi. Wanaochanganya hayo mawili ndio wanaouziwa kiwanja kimoja watu watatu, kwa ramani ya rangi na mhuri.

Dhana: bila mfadhili wa nje hakuna pesa.

Hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote, maana tunaisikia katika jimbo la shaba na kobalti. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawa mrabaha, yaani redevansi ambayo kampuni hulipa kwa madini inayochimba, hivi: asilimia 50 Serikali kuu, 25 jimbo, 15 sheferi (eneo la utawala wa chifu), sekta au komuni yenye mgodi, na 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Zaidi ya hapo, kampuni hutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa miradi ya watu wanaoishi karibu na mgodi.

Ila tusirukie upande wa pili. Ile 15 imewekewa njia yake: miundombinu ya msingi, kama maji, shule na barabara. Si ya kulipia posho za semina. Mpango unaisaidia kwa namna nyingine, kwa kuonyesha shule ijengwe wapi. Palipokosekana mpango, shule hujengwa pale mtu alipotoa kiwanja bure, na kiwanja cha bure mara nyingi ni kile ambacho maji ya mvua hupita.

Sheferi isiyo na mgodi je? Haigusi mrabaha huo. Inabaki na Katiba, inayoyapa majimbo asilimia 40 ya mapato ya taifa, na sheria ya Oktoba 2008, inayozipa sheferi, sekta, komuni na miji asilimia 40 ya fungu hilo la jimbo. Kwenye karatasi ni nyingi. Mkononi hufika kidogo, tena kwa kuchelewa, kwa hiyo hao ndio wenye haki ya kwanza ya kuomba msaada wa nje.

Dhana: mfadhili akilipia mpango, atalipia na barabara iliyochorwa humo.

La. Kila pesa ina shughuli yake. Mwaka 2021, kule Glasgow, Kongo ilikubaliana na CAFI, mfuko wa misitu ya Afrika ya Kati, juu ya dola milioni 500, na upangaji wa ardhi umo. Lakini pesa hizo hufuata misitu, na mojawapo ya miradi mikubwa ya mwanzo ya CAFI ilikwenda Mai-Ndombe, jimbo la misitu upande wa magharibi. Kipushi, hapa jirani na Lubumbashi, hazitakuja zenyewe.

Dhana: ramani ni kazi ya wataalamu wa Kinshasa.

Picha za setilaiti za Sentinel-2 ni bure, na zinaonyesha hata kipande cha mita 10 kwa 10. Za Landsat ni bure tangu 2008, na zinarudi nyuma hadi miaka ya 1970. Kijana aliyesoma mambo ya misitu katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi anaweza kukuonyesha jinsi misitu ya miombo ilivyorudi nyuma kwa ajili ya makala. Ambacho picha haijui ni shamba lililopumzishwa ni la ukoo gani, na wamama huokota uyoga wapi mvua zikianza. Hayo huulizwa kijijini, na wenyewe wakiwepo.

Na mtaalamu akimaliza, msipokee ramani ya kutundika ukutani tu. Daini faili zake zote, za mipaka na za alama alizopima kwa GPS, zibaki ofisini kwa sheferi na nakala moja mahali pengine. Mkataba ukifungwa bila sharti hilo, siku ya kurekebisha mpango mtalipa upimaji uleule mara ya pili.