RSV kwa watoto: tunayoambiana mtaani na yale jeni zinasema

Mpwa wangu akiwa na miezi mitatu alibanwa kifua, mbavu zinaingia ndani kila akivuta pumzi, na kila aliyekuja kutuona alisema ni baridi tu hiyo mfunikeni vizuri. Alikuja kuwekwa oksijeni siku tano. Ilikuwa RSV, kirusi kinachoshambulia njia ya hewa, na tangu hapo nikisikia watu wanavyoizungumzia siwezi kunyamaza.

La kwanza ni hili la "ni mafua, kirusi ni kile kile". Sio kile kile jamani. RSV ina makundi mawili makubwa, A na B, na ndani ya kila kundi kuna matawi kibao. Jeni zake ni kama uzi wa herufi elfu 15 hivi, na kila inapojinakili inakosea herufi hapa na pale, hakuna wa kuisahihisha, basi makosa mengine yanabaki na kupita kwa mgonjwa anayefuata. Kuna wakati kosa linakuwa kubwa, mwaka 1999 kule Buenos Aires lilionekana tawi la B ambalo kipande cha herufi 60 kimejirudia, halafu msimu wa 2010/2011 huko Ontario, Canada, ikapatikana A yenye herufi 72 zilizojirudia, wakaiita ON1. Zote mbili kosa liko kwenye jeni ya protini G, ile ambayo kirusi anaitumia kujishikiza kwenye seli za njia ya hewa. Kufikia 2012 ON1 ilishafika kwa watoto waliolazwa hospitali ya Kilifi, pwani ya Kenya, na wataalamu wa KEMRI-Wellcome, kituo cha utafiti wa afya cha huko, waliposoma jeni wakakuta haikuingia mara moja, iliingia mara kadhaa kwa njia tofauti.

Sasa hapo ndo watu wanaruka na kusema "ikibadilika basi imekuwa kali". Sio lazima. ON1 ilienea haraka sana na kuzisukuma aina nyingine za A pembeni, lakini walipoangalia watoto wa Kilifi hawakuona ushahidi kuwa inaumiza zaidi. Kuenea na kuumiza ni vitu viwili. Na RSV haihitaji aina mpya ili iue, makadirio ya 2019 dunia nzima ni watoto laki moja hivi wa chini ya miaka mitano, karibu wote kwenye nchi kama zetu.

"Ameshaugua, harudii tena." Anarudia, tena anaweza kurudia hata kundi lile lile, manake kinga yake haidumu na G inabadilika badilika. Ila mara nyingi mara ya pili huwa nafuu. Na antibayotiki haiigusi, iwe A iwe B, daktari akiandika ni kwa kuhofia bakteria.

Wengine wanauliza, kama ina sura nyingi hivyo chanjo itaweza wapi? Swali zuri hilo. Kuna protini nyingine, F, hiyo haibadiliki sana, na ya A na ya B zinafanana kwa kiasi kikubwa, ndo maana chanjo ya wajawazito iliyoidhinishwa Marekani 2023 imelenga F, mama anachanjwa na mtoto anazaliwa na kinga tayari.

Halafu hili la kulaumu upepo wa usiku. Kati ya 2009 na 2010 huko huko Kilifi walifuatilia nyumba 47 miezi sita, wakichukua sampuli za pua mara mbili kwa wiki, mgonjwa na mzima wote. Kirusi mara nyingi kililetwa na kaka au dada mkubwa, hasa wanaosoma shule, na kuna watu walikuwa nacho bila hata kupiga chafya. Kwetu nyumba ina watoto wanne wa shule, na wote walikuwa wanambeba yule mchanga wakirudi tu, hata mikono hawajanawa.