"Mwanangu ana wani, chuo kimemkataaje?"

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakitoka, simu yangu haipoi. Nilifundisha sekondari, nikakaa ofisi ya taaluma miaka mingi, na sasa wazazi wa Mtwara mjini, Masasi, Newala mpaka Lindi wananijua kama mwalimu wa mambo ya vyuo. Juzi mama mmoja wa Tandahimba kanipigia sijanywa hata chai. "Shikamoo mwalimu. Mwanangu ana wani ya nane, udaktari wamemkataa. Hapa kuna mtu kala hela." Alikuwa wa nne ndani ya siku mbili kuniambia hivyo. Naandika hapa ili wa tano nimtumie asome, mimi ninywe chai yangu.

Nianze na dhana ya kwanza ninayoisikia: "Wani inafungua kila mlango." Hapana. Wani ni divisheni ya kwanza, yaani daraja la kwanza. Divisheni ni hesabu ya NECTA, Baraza la Mitihani, na chuo kinapopanga majina ya watakaoingia hakina kazi nayo. Kinatazama alama ya somo mojamoja, kwa programu uliyoomba.

Kinachowavuruga watu ni kwamba pointi ziko za aina mbili na zinakwenda kinyume. Kwa NECTA, A ni 1, B ni 2, hivyo hivyo mpaka F ambayo ni 7. Huko pointi chache ndiyo sifa: masomo matatu ya tahasusi yakikupa jumla ya 3 hadi 9 una wani, ikiwa 10 hadi 12 ni daraja la pili. Kwa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, mambo yamepinduliwa. A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, S ni nusu, F haina kitu. Huku unataka pointi nyingi. Nimewahi kukaa kwenye kikao cha wazazi, mmoja akajisifu kwamba wake ana pointi 4, jirani yake akadakia, "Hata wangu ana 4!" Wa kwanza alikuwa na A mbili na B. Wa pili alikuwa na D mbili, na pointi zake alihesabiwa kwa mtindo wa TCU. Wakapeana mikono kwa furaha. Sikusema kitu, ilikuwa siku ya mahafali.

Turudi kwa mama wa Tandahimba. Nikamwambia anisomee alama za kijana. Baiolojia A, Kemia B, Fizikia E. Hesabu ya NECTA: 1, 2 na 5, jumla 8. Wani safi kabisa. Lakini udaktari unataka ufaulu wa Fizikia, Kemia na Baiolojia, na kila moja isipungue D. E ya Fizikia imemtoa kabla hata jina lake halijashindanishwa na la mtu mwingine. Hakuna aliyekula hela. Sasa chukua binti mwenye D tatu. NECTA watampa pointi 12, daraja la pili, na mtaani hakuna atakayemchinjia hata kuku. Huyo kwa udaktari ana sifa ya kuomba, ambayo mwenye wani ya nane hana.

Nimesema sifa ya kuomba. Hapo ndipo inapoingia dhana pacha, ile ya "nina sifa, basi nafasi ni yangu." Kiwango cha chini kabisa cha shahada ya kwanza kwa aliyemaliza kidato cha sita ni ufaulu wa masomo mawili, E na kuendelea, yenye jumla ya pointi 4 za TCU. Hicho ni kibali cha kusimama kwenye foleni. Fungua mwongozo wa TCU, uko mtandaoni bure, utaona kila programu ina safu ya sifa, na pembeni kuna safu ya idadi ya nafasi. Watu wote wanasoma safu ya sifa. Ya nafasi hawaitazami. Programu ya udaktari ya chuo kikubwa cha Dar es Salaam inaombwa na watoto wa nchi nzima, wakiwemo wenye A tatu kutoka Mzumbe, Kibaha na Ilboru. Mwenye D tatu akiomba hiyo peke yake akabaki anasubiri, hajadhulumiwa. Amekosa mtu wa kumwambia aombe na nyingine.

Kwa hiyo mzazi akija kwangu kitu cha kwanza nachukua karatasi ya matokeo, naweka kidole juu ya divisheni, naiziba. Wengine wanakasirika. Tunaandika masomo matatu na alama zake, basi. Chini yake tunapanga programu kwa mafungu: anayoitamani japo ni ngumu, inayolingana na alama zake, na ile ambayo kwa alama hizo ni vigumu kuikosa. Mtoto asipokuwa na kitu kwenye fungu la tatu simruhusu kutoka ofisini. Huo ni ukali wangu, nausikia wakiusema mlangoni.

Na cheti cha kidato cha nne msikitupe kabatini. Programu nyingi za biashara na uchumi, kama hukusoma hesabu kidato cha sita, zinadai angalau D ya hesabu ya kidato cha nne. Kijana ana wani ya HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), anaomba uchumi, anakwama kwenye F aliyoipata miaka miwili nyuma na ambayo familia nzima ilishaisamehe.

"Omba vyuo vyote, kimoja kitakubali." Hii inawauma wakulima kuliko watu wa mshahara. Dirisha la maombi linafunguliwa mwezi wa saba. Wakati huo mikorosho ndiyo inatoa maua, hela yote imeishia shambani, na mnada wa kwanza ni mpaka mwezi wa kumi. Kila chuo kina ada yake ya maombi. Najua baba aliyeuza korosho zikiwa bado mtini kwa mtu wa kangomba, yaani mlanguzi, kwa bei ya kutupa, ili kijana aombe vyuo tisa. Vyote tisa aliomba programu ileile ya udaktari, kwa alama zilezile zisizofika. Vyuo vitatu vilivyochaguliwa kwa akili vingemtosha. Tena awamu ya kwanza ikipita bila jina kuna awamu ya pili, na vyuo hutangaza programu zilizobaki na nafasi. Hela nyingine iwekwe ya wakati huo.

"Asiyekesha hafaulu." Hapa nitagombana na walimu wenzangu. Nilishafanya kazi kwenye shule moja, jina lake niachieni, ambapo kengele ya prepo, yaani ya kujisomea, ililia saa tisa usiku kuanzia Januari mpaka mtihani wa mwezi wa tano. Watoto walikuwa wanalala wamesimama mstarini. Kijana wa miaka 14 hadi 17 anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10, na ni ndani ya usingizi huo ndipo ubongo unakaza yale aliyoyasoma mchana. Ukimwamsha saa tisa umemnyang'anya alichokisoma jioni. Nilisema kwenye kikao cha walimu, nikaambiwa nawadekeza watoto wa watu.

Namna ya kusoma nayo ina shida. Mtoto anakariri desa, yaani notsi, mara sita, anapiga mistari ya rangi, anajiona ameiva. Kusoma tena na tena kunakupa hisia ya kujua tu. Funga daftari, chukua pastipepa, yaani mtihani wa miaka iliyopita, jibu bila kuchungulia, kisha fungua usahihishe ulipokosea. Kunauma, na ndiyo maana watoto wanakwepa. Mimi mwanangu akifika saa nne usiku nazima taa, apende asipende.

Presha yenyewe sisi ndio tunaipika. NECTA waliacha kutangaza wanafunzi bora na shule bora tangu Januari 2023, lakini shule zinachapisha mabango yake, na mjomba kwenye kundi la WhatsApp la ukoo anauliza "mna wani ngapi hapo nyumbani?"

"Sayansi ni ya wenye akili, arts ni ya waliobaki." Waulizeni mawakili na wachumi walisoma nini. Sina la kuongeza.

"Diploma ni ya waliofeli." Stashahada yenye GPA ya 3.0, pamoja na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, inakuingiza chuo kikuu, kwa programu ya fani yako. Mtwara kuna chuo cha maafisa tabibu, na Taasisi ya Uhasibu ina kampasi hapa hapa. Yule kijana wa E ya Fizikia nilimwonyesha njia hii, na nyingine ya ualimu wa Kemia na Baiolojia, ambayo kwa A na B hana wasiwasi nayo. Mama yake bado amenuna.

"Wani inaleta mkopo." Bodi ya Mikopo inapima uhitaji: yatima, mwenye ulemavu, mtoto wa kaya maskini inayosaidiwa na TASAF, na vielelezo vyake. Ufadhili unaofuata alama ni Samia Scholarship, ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023 kwa waliofanya vizuri sana masomo ya sayansi. Msivichanganye. Na cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wakala wa usajili wa vizazi, mapema, msingoje wiki ya mwisho mje kulia kwangu.

La mwisho ni la namba ya simu, na kwa hili nawasihi. Aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja lazima athibitishe kimoja, kwa namba ya siri inayotumwa kwa ujumbe wa simu iliyojazwa kwenye maombi. Watoto wengi wa vijijini wanajaziwa fomu na kijana wa steshenari, na kijana anaweka namba yake ili kazi iende haraka. Mwaka jana nilikuwa na binti wa Nanyamba aliyechaguliwa vyuo viwili, na ujumbe haumfikii. Tukapanda bodaboda mpaka Chikongola kumtafuta aliyemjazia. Steshenari imefungwa. Jirani akatuambia kijana amehamia Songea, na laini ile ameshaitupa.